Kimya Kinapohesabiwa Ridhaa

Kwetu pwani, mwari akiulizwa mbele ya mashahidi kama ameridhia kuozwa, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ndiyo. Kanuni hiyo ina masharti ambayo kila mtu mzima anayajua: lazima aulizwe, lazima asikie, na lazima wawepo wa kushuhudia kwamba aliulizwa. Uraia nao unaendeshwa kwa kimya, ila masharti yale hayamo. Hakuna anayepiga hodi kukuuliza. Tarehe inapita, na kesho yake wewe ni raia, au si raia tena, na faili linasomeka kama kwamba ulikubali.

Haya ni mambo yanayoonekana ukikaa muda mrefu mezani na watu wanaojaza fomu za uhamiaji: wanaoomba, wanaokana, na wanaogundua wakiwa dirishani kwamba uraia wao ulishakoma zamani. Ni mara chache serikali humshika mtu mkono ikamlazimisha. Inachofanya ni kupanga utaulizwa lini, kwa fomu ipi, kwa ada gani, na jibu gani litachukuliwa kuwa lako usipofika. Hiari ipo, lakini imewekewa tarehe na dirisha.

Tuanze na waliokuwa watu wazima wakati nchi zetu zinazaliwa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa nchini na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa nchini aliamka raia bila kusaini kitu. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi wote wawili waliotoka nje alipewa miaka 2 ya kujiandikisha. Kenya ilifuata mkondo huohuo, na muda wake ukaisha Desemba 1965. Familia nyingi za asili ya Kihindi zilisita. Wengine walikuwa na ndugu waliotawanyika nchi tatu, wengine waliona pasipoti ya Kiingereza ni akiba ya siku mbaya. Walidhani wamechagua. Kenya ilipopitisha sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara mwaka 1967, maelfu walishika ndege kwenda Uingereza, na mwanzoni mwa Machi 1968 Uingereza nayo ikapitisha, ndani ya siku chache tu, sheria iliyowafungia mlango wenye pasipoti zake waliokuwa hawana mzazi au babu aliyezaliwa kule. Pasipoti ilibaki mkononi, na kile ilichoahidi kikaondolewa. Hilo ni funzo la kwanza, na lingali na nguvu: ukiridhia uraia, umeridhia pia sheria ambazo upande wa pili utaziandika baadaye bila kukurudia.

Zanzibar mambo yalikwenda kasi zaidi. Mtu wa Ng'ambo mjini Unguja aliyelala raia wa Sultani usiku wa uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 alikuwa raia wa Jamhuri ya Watu baada ya tarehe 12 Januari 1964, na raia wa Jamhuri ya Muungano tarehe 26 Aprili. Uraia wa aina tatu ndani ya miezi mitano, na hakuna hata mmoja alioutia saini.

Sasa tuje kwenye sheria inayotumika leo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, Sura ya 357, haitambui uraia pacha kwa mtu mzima. Inauvumilia kwa mtoto tu. Mtoto wa Watanzania aliyezaliwa Houston au Minneapolis ni Mmarekani kwa kuzaliwa pale na Mtanzania kwa kurithi, mradi mzazi anayemrithisha si mwenyewe raia wa kurithi (kizazi cha pili kinachozaliwa nje hakirithi, na hilo huwashtua wengi). Akifikisha miaka 18 anatakiwa, ndani ya muda uliowekwa, aukane ule wa nje, ale kiapo cha utii kwa Jamhuri, na kama alizaliwa nje, atoe tamko kuhusu makazi yake. Asipofanya hivyo, uraia wa Tanzania unakoma wenyewe. Hapelekewi barua. Hakuna amri ya waziri inayohitajika. Ndiyo maana kuna kijana wa miaka 22 anayetembea na pasipoti ya Tanzania aliyopewa akiwa na miaka 15, akiamini kwa dhati kwamba yeye ni raia.

Kwa nini familia hushindwa kuliwahi hilo? Mara nyingi si kwa kupuuza. Kuukana uraia wa Marekani ni tendo la mtu mwenyewe, ana kwa ana, mbele ya afisa wa ubalozi nje ya Marekani. Mzazi hawezi kumkania mtoto. Aliye chini ya miaka 16 huchukuliwa kwamba bado hajaelewa uzito wa jambo, na wa 16 au 17 huhojiwa kwa makini zaidi ili afisa ajiridhishe kwamba hakushinikizwa na wazazi. Anajaza fomu DS-4079, anasaini DS-4081 ya kukiri kwamba ameelewa madhara, kisha anaapa kwa DS-4080. Baada ya hapo faili linakwenda Washington, na cheti cha kupoteza uraia, DS-4083, huja kwa wakati wake, wakati mwingine baada ya miezi mingi. Ada ilipandishwa mwaka 2014 kutoka dola 450 hadi dola 2,350, kiasi ambacho kwa familia nyingi kiliamua kabla hiari haijasema neno. Anayetaka kubaki Mtanzania na aanze kuulizia miadi akiwa na miaka 17, si siku ya kuzaliwa ya 18, na apeleke Uhamiaji au ubalozi wa Tanzania barua ya kueleza nia yake pamoja na uthibitisho wa miadi. Barua hiyo haisimamishi sheria. Inaweka kumbukumbu kwamba hakunyamaza.

Uingereza ina kosa lake la pekee. Tangu tarehe 1 Januari 1983, kuzaliwa kule peke yake hakumfanyi mtoto kuwa Mwingereza. Mzazi mmoja lazima awe raia au awe na ruhusa ya ukaazi wa kudumu. Kuna wazazi wa Kitanzania wanaohangaika kumkania mtoto uraia ambao hajawahi kuwa nao. Ombeni kwanza uthibitisho wa maandishi kama mtoto ni raia wa huko, kabla ya kulipa ada yoyote.

Kwa mtu mzima kanuni ni kali na fupi: ukichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yako, isipokuwa pale unapoupata kwa ndoa, unaacha kuwa Mtanzania. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusikiliza upande mmoja. Ujerumani iliruhusu uraia zaidi ya mmoja kuanzia tarehe 27 Juni 2024, na watu wakapigiana simu kwa furaha. Ujerumani ilichosema ni kwamba yenyewe haikudai tena uache wa kwenu. Haiwezi kusema lolote juu ya sheria ya Dodoma. Uraia pacha unahitaji ndiyo mbili. Ndiyo moja ni sawa na hapana.

Madhara yanaanzia kwenye ardhi. Asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha Mbezi na shamba la urithi Rombo vinaingia kwenye mashaka siku ileile unapokula kiapo Berlin au Toronto. Anayeingia kwenye kiapo hicho na macho wazi hufanya kazi hii kabla: anaorodhesha kila hati yenye jina lake, anamwona wakili, anaamua kipi kihamie kwa ndugu na kwa maandishi gani, na anaacha kutumia pasipoti ya zamani. Kujaza fomu ya kuhuisha pasipoti ukijitaja Mtanzania wakati umeshaapa kwingine ni tamko la uongo, na ni kosa la jinai. Mwaka 2024 Bunge lilifanya marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi ili wenye asili ya Tanzania wapate hadhi maalumu. Hiyo ni nafuu ya kweli, hasa kwa kuingia nchini na kwa mambo ya mali, lakini hadhi maalumu si uraia. Haina kura wala pasipoti.

Jirani zetu walikwenda njia nyingine. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa sheria ya mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya 2010 ilisema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua mwingine, na aliyekuwa ameupoteza kwa njia hiyo zamani anaweza kuomba kurudishiwa. Pamoja na hayo sheria ya Kenya ya 2011 inamtaka mwenye uraia wa pili autangaze ndani ya miezi 3, na faini ya kutotangaza inafika shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3. Na neno "kuomba" lilizua kesi: serikali ilidai kwamba mwanasheria na mwanasiasa Miguna Miguna, aliyechukua uraia wa Kanada kabla ya katiba mpya, alikuwa si Mkenya tena, na mwaka 2018 akaondolewa nchini, Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasema uraia wake wa kuzaliwa haukupotea.

Marekani ilifika mbali zaidi katika jambo hili la nia. Mmarekani Beys Afroyim alinyimwa pasipoti mpya kwa sababu alipiga kura Israel mwaka 1951. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema serikali haina uwezo wa kumvua mtu uraia bila yeye mwenyewe kuuacha kwa hiari, na mwaka 1980 ikaongeza kwamba kutenda tendo fulani hakutoshi. Serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alikusudia kuuacha. Ulinganisheni na huku kwetu, ambako tendo lenyewe linahesabiwa kuwa nia. Nchi mbili zinaweza kutumia neno lilelile, hiari, moja ikimaanisha ulichokusudia na nyingine ikimaanisha ulichofanya. Mimi naona ya kwanza ndiyo inayomheshimu mtu.

Halafu kuna swali la nani athibitishe. Mwaka 2012 Anudo Ochieng Anudo alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Pasipoti yake ya Tanzania ikazuiwa. Mwaka 2014 aliondolewa nchini akapelekwa Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, na Tanzania ikakataa kumpokea, akaishi katika eneo lisilo la nchi yoyote mpakani Sirari. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu tarehe 22 Machi 2018. Ilisema kwamba mtu aliyekuwa akichukuliwa kuwa raia na kupewa nyaraka za raia, mzigo wa kuthibitisha kinyume chake uko kwa serikali, na kwamba Tanzania irekebishe sheria yake ili mtu apate pa kukata rufaa. Maana kifungu cha 23 cha ile sheria ya 1995 kinasema waziri halazimiki kutoa sababu ya uamuzi wake, na mahakama haina nafasi ya kuupitia.

Hukumu ni jambo moja na dirisha la ofisi ni jingine. Kwa mwananchi wa Kigoma, Kagera au Mara anayeomba kitambulisho cha taifa, bado ni yeye anayeulizwa babu yake alizikwa wapi. Kinachosaidia si kupaza sauti. Kinachosaidia ni karatasi za vizazi viwili: vyeti vya kuzaliwa vya wazazi, au viapo vya kuzaliwa kama vyeti havipo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, kadi ya mpigakura, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayotaja ukoo na kitongoji. Majina yafanane. Aliyeitwa Bernado shuleni na Bernard kwenye kadi ya kura ameshampa afisa sababu ya kuandika "apeleke uthibitisho zaidi". Rekebisha kwa hati ya kiapo kabla hujaenda. Na nyaraka halisi usiziache bila kuandikiwa kwamba zimepokelewa.

Upande wa anayeomba kuwa raia, yaani tajnisi, masharti ya makazi ni miezi 12 mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, awe na mchango, na akusudie kuishi nchini moja kwa moja. Maombi hupitia kata, wilaya na mkoa, ambako kamati za ulinzi na usalama hutoa maoni, kisha huenda makao makuu na kwa waziri. Hatari yote iko mwishoni. Ukikubaliwa unapewa kwanza barua, ukane uraia wa zamani, ulete uthibitisho, ndipo upate cheti. Kati ya kukana na kupata cheti kuna siku, au miezi, ambayo huna kwenu. Sheria ya Uingereza imelifikiria hili: aliyeukana uraia wa Uingereza akakosa mwingine ndani ya miezi 6 huhesabiwa kwamba hakuukana kamwe. Sheria nyingi hazina kamba hiyo ya kukuvuta. Kwa hiyo usikane mpaka barua ya kukubaliwa iwe mkononi, yenye namba ya faili na muhuri, na toa nakala iliyothibitishwa ya kila kitu utakachokabidhi, hasa pasipoti. Watoto walio chini ya miaka 18 waombewe na mzazi kwa majina yao. Mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kujazwa hayumo ndani ya fomu.

Pengo hilo liliwahi kumeza watu wengi kwa wakati mmoja, na ndio mfano ninaoufikiria kuliko yote. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, baada ya mauaji ya mwaka ule, waliwekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo katika wilaya ya Mpanda. Kila familia ilipewa kama hekta 5 za pori. Wakafyeka, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha. Ila kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walikubaliana kuifunga hadhi hiyo ya ukimbizi. Watu wapatao 218,000 waliandikishwa na kuulizwa, na swali lilikuwa na majibu mawili: kurudi Burundi, au kuwa raia wa Tanzania. Karibu asilimia 80 walichagua uraia.

Kwa haki kabisa, ulikuwa uamuzi wa ukarimu. Ni nchi chache duniani zimewahi kufungulia mlango watu wengi kiasi hicho kwa mpigo, na hata kabla ya hapo, karibu na mwaka 1980, Tanzania ilikuwa imewapa uraia maelfu ya Wanyarwanda. Wengi katika waliochagua uraia walikuwa wamezaliwa palepale makazini, na Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazee. Kufikia Aprili 2010 maombi 162,156 yalikuwa yamekubaliwa.

Kilichofuata ndicho kinachofundisha. Uraia ulikuja umefungwa pamoja na sharti la kuhama: makazi yafungwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine. Cheti kingetolewa huko wanakohamia. Uraia wa Burundi walishaukana. Cheti hawana. Agosti 2011 zoezi la kuhamisha likasimamishwa, na kwa miaka kadhaa watu wakaishi na neno "umekubaliwa" bila karatasi. Mtu asiyejua kama ataondolewa msimu ujao hapandi miembe. Haezeki bati jipya. Shule na zahanati hazikarabatiwi kwa sababu mahali penyewe panatarajiwa kufungwa. Hatimaye serikali iliachia sharti la kuhama, na Oktoba 2014 Rais Kikwete alianza kukabidhi vyeti Tabora, miaka 7 baada ya watu kuulizwa.

Tazama mahali ridhaa ilipopinda. Mtu aliulizwa kama anataka kuwa Mtanzania, akasema ndiyo kwa moyo wake wote. Hakuulizwa peke yake kama anataka kuacha shamba alilolifyeka na kaburi la mama yake. Maswali mawili yalipewa kisanduku kimoja, na alama ya vema moja ikajibu yote. Hata leo fomu nyingi zimejengwa hivyo: kiapo cha utii kinabeba na tamko la makazi, ombi la kitambulisho linabeba na idhini ya kutumia taarifa zako.

Kwa hiyo unaposaidia mtu kujaza, msomee maswali moja moja kwa lugha anayoiota usiku, Kiha au Kirundi au Kimakonde, na mwambie kila alama inabeba nini. Swali moja likibeba mawili, aandike tofauti yake kwenye karatasi ya ziada: "Naomba uraia. Sijakubali kuhama." Aweke tarehe, saini au dole gumba, shahidi mmoja, na aombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Afisa akikataa kugonga muhuri, itumwe kwa njia ya posta ya rejista kwenye ofisi ileile, na risiti ihifadhiwe pamoja na nakala.